Otenyo wa Kitutu na Ng'ombe Zake

Mimi ni mtu wa pwani, niliyezoea minazi na pepo za kusi. Nilipopanda vilima vya Kisii mara ya kwanza nilistaajabia mvua: karibu kila alasiri hunya, na udongo ule mwekundu haumnyimi mtu mbegu yake. Ndipo nilipoanza kumfahamu Otenyo Nyamaterere, shujaa wa Kitutu, nchi ambayo leo imegawanyika baina ya Kisii na Nyamira. Wengi humkumbuka kwa mkuki wake, wakazisahau ng'ombe.

Wakale wa Wakisii walitoka nyanda za Kano, karibu na ziwa, wakapanda hadi Kabianga. Huko baridi iliwatesa: wimbi halikukomaa, mifugo ikafa, watu wakashikwa na njaa. Wakahama tena, wakafika vilima hivi vya rutuba. Lakini nchi njema haikosi wa kuitamani. Wamaasai na Wakipsigis waliwavizia, basi vijana wakawekwa katika ebisarate, yaani maboma ya kulindia mifugo, wakilala na silaha ubavuni. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye akiba, ndiye heshima. Aliyeporwa ng'ombe ameporwa na mke wa mwanawe.

Mwaka 1905 jeshi la Waingereza likaingia na bombomu, likaua na kuswaga mifugo. Mwaka 1907 serikali ikafungua boma Getembe, ulipo mji wa Kisii, chini ya Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Husimuliwa kwamba mganga na mtabiri, Bibi Moraa Ngiti, aliwasuta vijana hata wakaona haya kuitwa wanaume.

Januari 1908 Otenyo alimvizia Northcote njiani, akamchoma mkuki wa mgongo. Northcote akapona, akaishi hata kuwa Gavana wa Hong Kong mwaka 1937! Otenyo hakusalimika. Alikamatwa akauawa, na watu wa kwao husema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, nao wanakidai.

Kisasi kikawaangukia wote. Nyumba na maghala ya nafaka yakatiwa moto, ng'ombe kwa maelfu wakachukuliwa. Watu waliuawa hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, akalalamika kutoka London. Baada ya miaka michache ebisarate zikapigwa marufuku. Malisho yakawa mashamba; mkuki ukatundikwa, jembe likashikwa, zikaja kahawa, pareto na chai.

Hapo ndipo naona kisa cha Otenyo hakijesha. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta Kisii watu 957 katika kila kilomita ya mraba. Mvua ni ile ile, udongo ni ule ule, ila baba hugawia wana, na wana wakagawia wajukuu, hata shamba likawa kama uwanja wa nyumba yangu ya Mombasa. Zamani adui alitoka ng'ambo ya kilima. Siku hizi mashauri mengi ni ya ndugu wa tumbo moja.

Siku niliyoondoka Mosocho mvua ilikuwa imeanza. Kando ya njia wazee wawili, wamelowa, walikuwa wakipima mpaka kwa kamba, na hapana aliyetaka kuiachia kwanza.