Wilbur Wright na Hesabu ya Mizunguko

Atokaye Malindi akielekea Lamu hupitia Garsen, na huko kandokando ya mto Tana huzisikia pampu za dizeli zikivuta maji kuyapeleka mashambani. Fundi wa pampu hutega sikio tu, akaamua kwamba injini inakwenda vyema au imelemewa. Aghalabu huwa sahihi. Akikosea, shamba hukosa maji kwa siku moja. Wilbur Wright angalikosea, angalianguka.

Wilbur alizaliwa mwaka 1867 katika jimbo la Indiana, Marekani, mwana wa askofu. Hakupokea cheti cha shule ya sekondari, jambo ambalo nawasihi wanafunzi wasilifanye kisingizio, kwani alisoma kuliko wengi wetu wenye shahada. Mwaka 1892 yeye na mdogo wake, Orville, walifungua duka la baiskeli mjini Dayton, na pato la duka hilo ndilo lililogharimia ndege.

Hakuwa mtu wa kuiamini tarakimu asiyoipima mwenyewe. Mwaka 1901, ndege yao isiyo na injini ilipokataa kuinuka kama majedwali ya wataalamu yalivyoahidi, ndugu hao waliunda kasha refu la mbao lenye feni, wakapima humo maumbo zaidi ya 100 ya mabawa. Mizani yao ilitengenezwa kwa spoku za baiskeli na vipande vya misumeno.

Injini ya mwaka 1903 iliundwa dukani humo na fundi wao, Charles Taylor. Hapa Kiswahili chetu huteleza kidogo, maana neno kasi hubeba mambo mawili: mwendo wa chombo hewani, na idadi ya mizunguko ya injini kwa dakika. Injini hiyo ilizunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Minyororo, mfano wa ile ya baiskeli, ikaipunguza idadi hiyo hadi kama thuluthi kwenye rafadha mbili. Mizunguko ikipungua, msukumo nao hupungua, na rubani hakuwa na namna ya kuongeza mafuta akiwa angani. Kwa hiyo walifunga kwenye ndege chombo cha kuhesabu mizunguko, saa ya kupimia muda, na kipimo cha upepo. Gawanya mizunguko kwa muda, utapata wastani. Lakini saa ikiendelea baada ya hesabu kusimama, injini itaonekana nzembe kuliko ilivyo. Ndiyo sababu wenzo mmoja ulivisimamisha vyote vitatu kwa pamoja.

Tarehe 14 Desemba 1903 Wilbur alijaribu kwanza, akainua pua kupita kiasi, chombo kikaanguka mchangani baada ya sekunde tatu na nusu. Siku tatu baadaye Orville aliruka kwa sekunde 12 hivi. Hivi, kwa sababu saa haikuzimwa upesi, na Orville aliiandika kasoro hiyo katika shajara yake siku iyo hiyo. Adhuhuri Wilbur alikaa angani sekunde 59, akavuka mita 260. Kisha upepo ukaibingirisha ndege ikiwa imeegeshwa, ikavunjika, isiruke tena.

Wilbur hakuoa. Alifariki tarehe 30 Mei 1912, akiwa na umri wa miaka 45. Hakuuawa na ndege. Aliuawa na homa ya matumbo.