Ibn Sina na Wageuza Shaba

Soko la dhahabu halikosi mtu wa kuahidi kwamba ataigeuza shaba iwe dhahabu. Miongoni mwa waliompinga mtu huyo zamani, kwa hoja zilizo wazi, ni Abu Ali al-Husayn bin Abdillah, maarufu kwa jina la Ibn Sina.

Alizaliwa mwaka 370 wa Hijra (980) katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara. Angali kijana alishiriki kumtibu Amir Nuh bin Mansur, na kwa utumishi huo akaruhusiwa kuingia maktaba ya kifalme. Nasi twaona hakuna ujira bora kuliko huo. Baadaye alikuwa waziri katika mji wa Hamadan, akatiwa gerezani, kisha akakimbilia Isfahan.

Wengi wamjua kwa al-Qanun, kitabu chake cha utabibu. Sisi twataka kutaja mlango mmoja wa al-Shifa, unaohusu mawe na madini. Humo alieleza kwamba watu wa alkimia waweza kuipa shaba nyekundu weupe ikashabihi fedha, au umanjano ikashabihi dhahabu, hata macho yakahadaika. Lakini asili yake haikuguswa.

Na tuitazame tofauti hiyo. Sonara akiyeyusha bangili, dhahabu huwa maji, na ikipoa ni dhahabu ile ile: hali imegeuka, kitu hakikugeuka. Lakini ukuni ukiungua ukawa moshi na majivu, au chuma kikiliwa na kutu, chembe zimeachana na kuungana upya, na kimezaliwa kitu kingine. Tena hata mageuzi haya ya pili yana mpaka wake. Kutu ya kijani ni shaba iliyoungana na vitu vya hewani, na mjuzi aweza kuitoa shaba humo. Ama kuifanya dhahabu, moto na dawa haziwezi.

Ibn Sina hakuyajua haya ya chembe. Aliamini, kama wengi wa zama zake, kuwa madini hutokana na zebaki na salfa, na kauli hiyo haikusimama. Alilokataa ni kufanya mshabaha kuwa ushahidi.

Alifariki Hamadan mwaka 428 (1037). Yapata mwaka 1200 mlango ule ulifasiriwa kwa Kilatini ukaambatishwa na kitabu cha Aristotle, na wasomi wengi wa Ulaya wakausoma muda mrefu wakidhani ni maneno ya Myunani huyo.