Vivien Thomas: Fundi seremala aliyewapa uhai ‘watoto wa bluu’

Mtumba, Dodoma. Siku hizi mtoto wa hapa akigundulika ana tatizo la moyo la kuzaliwa nalo, mzazi anaweza kuanzia Hospitali ya Benjamin Mkapa, na ikibidi anashuka Dar kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Zamani ilikuwa India, kwa mwenye bahati ya kupelekwa.

Sasa rudi mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mtoto wa midomo na kucha za bluu, yaani damu yake haifiki vizuri kwenye mapafu, hata Marekani hakuwa na tiba. Wengi walikufa wadogo.

Aliyesaidia kubadili hilo hakuwa daktari.

Vivien Thomas alizaliwa mwaka 1910, mjukuu wa mtumwa, akakulia Nashville akifanya useremala na baba yake. Alikuwa anadunduliza hela za kusomea udaktari. Uchumi ukaanguka, benki ikafa na akiba yake. Ndoto ikaishia hapo.

Mwaka 1930, kabla benki haijaanguka, alikuwa amepata kibarua kwenye maabara ya daktari mpasuaji Alfred Blalock. Kijana alishika kazi haraka mno, lakini kwenye makaratasi aliandikwa mfanya usafi, na mshahara ukawa wa mfanya usafi. Kisa? Ni mweusi.

Mwaka 1941 wakahamia Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Huko Dk Helen Taussig, bingwa wa moyo wa watoto, alikuwa amechoka kuwaona wagonjwa wake wakifa. Akawaomba watafute namna ya kupeleka damu zaidi mapafuni.

Kazi ikamwangukia Thomas. Alijaribu kwa mbwa, kama 200 hivi, akiunganisha mshipa unaopeleka damu mkononi na ule wa mapafu. Vifaa vidogo vya kutosha havikuwepo, akavirekebisha mwenyewe. Mkono wa seremala, bila shaka.

Novemba 29, 1944 akaingizwa chumba cha upasuaji mtoto wa kike asiyefikisha miaka miwili, uzito kama kilo nne tu. Blalock ndiye aliyeshika kisu, ila alimtaka Thomas asimame juu ya kistuli nyuma yake, amwelekeze hatua kwa hatua. Upasuaji ulifanikiwa. Mtoto alipata nafuu, japo alifariki miezi kadhaa baadaye. Waliofuata, wengi walipona na kukua.

Ripoti ya mwaka 1945 iliwataja Blalock na Taussig. Thomas hayumo. Njia yenyewe ikabeba majina ya hao wawili, na bado inatumika kwa watoto. Yeye kuna kipindi alihudumia vinywaji kwenye sherehe za bosi wake ili aongeze kipato.

Mwaka 1976 Johns Hopkins ikampa shahada ya heshima. Ya sheria, si ya udaktari! Hapo tayari alikuwa amewanoa wapasuaji kibao waliokuja kuwa mabingwa.

Alifariki Novemba 1985, akiwa na miaka 75.