Al-Hajj Malik El-Shabazz

Marehemu huyu, ajulikanaye zaidi kwa jina la Malcolm X, alizaliwa Omaha, Marekani, mwaka 1925, katika nchi ambayo rangi ya ngozi ndiyo iliyompangia mtu pa kukaa na pa kusoma. Akiwa gerezani, baina ya 1946 na 1952, alikifuata kikundi cha Elijah Muhammad. Kikundi hicho kiliwatoa weusi wengi katika ulevi na unyonge, hilo hatulikanushi. Lakini kilimwita kiongozi wake mtume, na weupe wote mashetani, maneno yasiyo na asili katika Qur'ani wala Sunna.

Alijitenga nao Machi 1964, na Aprili akaenda kuhiji. Huko Makka alikula sahani moja na Waislamu weupe na kusali pamoja nao, akawaandikia watu wake kuikana itikadi ile. Wangapi katika sisi hurejea na jina la Al-Haji tu! Lakini hakuacha kudai haki: Oktoba alipita Dar es Salaam na Nairobi, akizitaka serikali za Afrika ziifikishe dhulma ya Marekani mbele ya Umoja wa Mataifa.

Aliuawa kwa risasi New York, tarehe 21 Februari 1965, naye ana miaka 39. Mwenyezi Mungu amrehemu.