Mtakatifu Gregori Mkuu, Mchungaji Aliyechunguza Moyo Wake

Siku ya yubile ni siku ya kushukuru, tena ni siku ya kujiuliza. Tunawakumbuka mapadri, watawa na wakatekista waliotumikia paroki. Yafaa basi kila mmoja wetu aliyepewa kazi katika Kanisa ajiulize aliipokea kwa nia gani. Papa Gregori Mkuu alijiuliza hivyo maisha yake yote.

Alizaliwa Roma karibu na mwaka wa 540, katika jamaa yenye mali na heshima. Akiwa bado kijana alifanywa mkuu wa mji, akapita njiani amevaa hariri. Baba yake alipokufa, aliviacha vyote. Alianzisha monasteri 6 katika kisiwa cha Sicilia, akaigeuza nyumba ya baba yake kuwa monasteri ya Mtakatifu Andrea, akaingia humo kuwa mmonaki. Baadaye alikiri kwamba alikuwa amechelewa kuuitikia wito wa Mungu, kwa kuwa alidhani ataitumikia dunia kwa nje tu, na kumbe dunia ilikuwa imekwisha kuushika moyo wake.

Mwaka wa 579 Papa Pelajio wa Pili alimtuma Konstantinopoli kuwa mjumbe wake kwa Kaisari. Alirudi Roma baada ya miaka kadhaa. Kisha mto Tiberi ulifurika, tauni ikafuata, na katika Februari 590 Papa mwenyewe akafa. Mapadri na watu wote wakamchagua Gregori. Alimwandikia Kaisari akimsihi asiukubali uchaguzi huo, lakini haikufaa kitu. Tarehe 3 Septemba 590 akawekwa wakfu.

Askofu Yohane wa Ravenna alimkaripia kwa upole kwa sababu alitaka kuukimbia mzigo. Gregori angeweza kujitetea kwamba alikimbia kwa unyenyekevu tu. Lakini alimjibu kwa kitabu kizima juu ya kazi ya mchungaji. Humo anaonyesha kwamba moyo hutudanganya kwa njia mbili. Mwenye kutamani ukubwa hujiambia kwamba atawatendea watu mema, kumbe anatafuta kuheshimiwa; na alama yake ni kwamba mema hayo hakuyatenda alipokuwa mdogo. Naye anayeikataa kazi aweza kuwa anapenda utulivu wake kuliko ndugu zake. Sehemu ya mwisho ni fupi kuliko zote: mchungaji akiisha kuhubiri vema, arudi ndani mwake autazame udhaifu wake. Na mwandishi anamaliza kwa kujihukumu mwenyewe na kuomba sala za msomaji.

Kwa muda wa miaka 13 na zaidi alilisha maskini wa Roma kwa mazao ya mashamba ya Kanisa, akatafuta amani na Walombardi, ingawa tumbo na miguu vilimtesa sana. Nia yake ilipimwa wazi katika jambo la vyeo. Patriarka wa Konstantinopoli alipojiita wa dunia yote, Gregori alimpinga. Lakini Patriarka wa Aleksandria alipompa yeye mwenyewe cheo kama hicho, alikikataa vilevile. Alipenda kuitwa Mtumishi wa watumishi wa Mungu, na Mapapa wanalishika jina hilo hata leo.

Mwaka wa 596 alimtuma mmonaki Augustino kuhubiri Evanjili Uingereza. Aliposikia juu ya miujiza iliyotendeka huko, alifurahi pamoja naye, kisha mwaka wa 601 akamwonya auchunguze moyo wake, asije akajivunia kazi ambayo ni ya Mungu.

Gregori alikufa tarehe 12 Machi 604. Kanisa linamkumbuka tarehe 3 Septemba, siku aliyobebeshwa mzigo alioukimbia.

Nasi tunaoongoza sala, tunaofundisha wakatekumeni, tunaotunza sanduku la sadaka, tujiulize jioni kabla ya kulala: je, leo watu walimwona Kristu, au walituona sisi? Na kazi hii ikipewa mwingine kesho, je, tutamsaidia kwa furaha? Mtakatifu Gregori atuombee, ili yubile hii isafishe nia zetu.