Takács na mkono wa kushoto

Nilipovunjika mkono wa kulia wiki mbili kabla ya UE, nilitaka kuahirisha masomo. Halafu nikamkumbuka Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria, bingwa wa kulenga shabaha kwa bastola. Mwaka 1938 guruneti lilimlipukia mkono wa kulia. Jamaa hakuacha, akajifunza upya kwa siri. Na kubadili mkono ni kubadili mkao mzima: bega la kushoto ndilo linaloelekea shabaha, miguu inapangwa upya. Vita vikafuta Olimpiki za 1940 na 1944. Akasubiri. London 1948, akiwa na miaka 38, akatwaa dhahabu. Helsinki 1952, akatwaa nyingine. Alifariki 1976. Mimi mwandiko wangu wa kushoto ni wa kuku, lakini chumba cha mtihani naingia.