Padre Gregor Mendel na Siri Iliyofichika Katika Kiini cha Seli

Johann Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, wakati huo ndani ya Dola la Austria, leo Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walikuwa wakulima, na gharama za masomo zilipowalemea, dada yake mdogo Theresia alitoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka asome. Hakulisahau jambo hilo. Baadaye alisaidia kuwasomesha wana wa dada huyo.

Mwaka 1843 alijiunga na Waagustino wa Monasteri ya Mtakatifu Tomaso mjini Brno, akapewa jina la Gregor, na mwaka 1847 akapewa Daraja Takatifu ya Upadre. Utume wa kuwatembelea wagonjwa ulimshinda, kwa kuwa mateso yao yalimfanya augue mwenyewe. Alielekezwa kwenye ualimu, lakini mwaka 1850 alishindwa mtihani wa cheti, na cheti hicho hakukipata maisha yake yote. Abate Cyril Napp hakumkatia tamaa, bali alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna. Twapenda kuwakumbusha jambo hili wazazi wanaowafungia vijana wao milango kwa sababu ya mtihani mmoja.

Kuanzia mwaka 1856 hadi 1863 alipanda njegere katika bustani ya monasteri, akihamisha chavua kwa mkono kati ya mimea mirefu na mifupi. Kizazi cha kwanza chote kilikuwa kirefu. Kizazi kilichofuata, ufupi ulirudi: mimea mirefu 787, mifupi 277, karibu tatu kwa moja. Akatambua kwamba kila mmea hubeba vitu viwili vya urithi, kimoja kutoka kwa kila mzazi, na kwamba kimoja chaweza kujificha bila kupotea. Vilikaa wapi? Hakuweza kujua.

Matokeo hayo aliyasoma mbele ya wanasayansi wa Brno mwaka 1865. Wachache waliyajali. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abate, na mabishano marefu na serikali kuhusu kodi ya monasteri yakammaliza nguvu. Alifariki tarehe 6 Januari 1884, Sherehe ya Tokeo la Bwana.

Mwaka 1900 Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak walilifufua jina lake. Miaka michache baadaye Walter Sutton na Theodor Boveri walionyesha makao ya vitu vile: ni kromosomu, nyuzi zilizomo ndani ya kiini cha seli. Kwa mwanadamu ni 46, nusu kutoka kwa baba, nusu kutoka kwa mama. Kiini kimezungukwa na utando wa tabaka mbili wenye matundu madogo sana. Ndani yake maagizo ya DNA hunakiliwa. Nakala hutoka kupitia matundu hayo kwenda kutengeneza protini, na asili hubaki ndani, kama vile kitabu cha ubatizo kinavyobaki ofisini mwa parokia, nasi tukapewa cheti.